Mama anameza dawa sita: nimwachishe ipi?

Assalaam aleikum Mshauri,

Mimi ni binti wa pili katika nyumba ya watoto watatu, na ninaishi na mama yetu hapa Majengo, Mombasa. Mama ana umri wa miaka 67. Ana presha ya muda mrefu na sukari iliyogunduliwa baadaye, na kila mwezi huenda kliniki ya serikali ambako hupewa dawa tatu: losartani ya miligramu 50 na amlodipini ya miligramu 10 za presha, kila moja mara moja kwa siku, pamoja na metformini ya sukari, miligramu 500 asubuhi na jioni baada ya chakula. Kwa dawa hizo alikuwa akiendelea vizuri, ila magoti ndiyo yaliyokuwa yakimsumbua, hasa wakati wa kuswali.

Dada yangu mkubwa anafanya kazi Muscat. Kwa mapenzi yake kwa mama, alimpa msafiri amletee dawa ya presha iitwayo Norvasc, ya miligramu 5, akisema kwamba dawa za huko zina nguvu kuliko zetu. Mama alizipokea kwa furaha, na kwa kuwa hakutaka kuacha za kliniki wala kumvunja moyo mwanawe, anameza zote. Kwa ajili ya magoti, kemisti mmoja wa karibu na soko alimuuzia diklofenaki, na zikiisha hurudi kuongeza. Baadaye miguu ilianza kuvimba kuanzia vifundoni mpaka viatu vikakataa kuingia, na hapohapo kemisti akampa furosemidi ya kupunguza maji mwilini bila cheti cha daktari.

Sasa mama anapata kizunguzungu anapoinuka kwenye mswala, hana hamu ya chakula, anahisi kichefuchefu, na mkojo ambao mwanzoni ulikuwa ukimwamsha usiku kucha umekuwa mchache na rangi yake imekoza. Miguu bado imevimba. Dawa zake huziweka katika kopo la biskuti, na nilipolifungua nilikuta vipande vya karatasi za vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, kimoja kimebaki na herufi nne za mwisho za jina, kingine hakina jina wala tarehe ya kwisha muda. Mwenyewe anazitambua kwa rangi na umbo.

Kaka yangu anasema kwamba dawa za hospitali ndizo zinazommaliza mama, na amemletea chupa ya dawa ya mizizi kutoka kwa mzee mmoja wa Kisauni, isiyo na maandishi yoyote. Mama hajaianza. Dada naye akisikia neno la kuacha Norvasc anaona kwamba tunadharau jitihada zake. Zaidi ya hayo, Ramadhani inakaribia, na mama ametuambia mapema kwamba hatamsikiliza mtu yeyote atakayemwambia asifunge. Naomba uniambie: katika dawa hizi sita, nimwachishe ipi, na je, afunge?

Binti wa Majengo


Waaleikumu salaam, Binti wa Majengo.

Sehemu ya kwanza ya jibu hili nilikutumia siku ileile niliyoipata barua yako, kwa sababu haikuwa barua ya kungojea zamu yake ichapishwe, na ninairudia hapa kwa manufaa ya wasomaji walio na mzazi wa aina hii nyumbani. Mkojo unaopungua, pamoja na kichefuchefu na kizunguzungu, kwa mtu mzima anayemeza losartani, diklofenaki na furosemidi kwa wakati mmoja, ni dalili kwamba huenda figo zimeelemewa. Jambo hilo hutazamwa siku hiyohiyo. Mama apelekwe hospitali yenye maabara, na kwa nyinyi wa kisiwani hata Hospitali ya Rufaa ya Pwani, ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara, haiko mbali. Apimwe presha akiwa ameketi na kisha akiwa amesimama, apimwe sukari, na atolewe damu ya kupima kreatinini, yaani taka ya damu inayoonyesha jinsi figo zinavyochuja, na potasiamu. Akianza kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, kulalamika kifua, au mkojo ukikatika kabisa, basi hata kama ni saa nane za usiku msisubiri kupambazuke.

Kabla ya kuonwa na daktari, asimeze tena diklofenaki, furosemidi wala Norvasc, kwa sababu hakuna kati ya hizo tatu iliyoandikwa na mtu anayemtibu na anayejua dawa zake nyingine. Kuhusu zile tatu za kliniki, daktari ndiye atakayeamua dozi inayofuata baada ya kumpima, na usishangae akisimamisha mojawapo kwa siku chache. Lakini kuzisimamisha ni jambo moja, na kuzitupa ni jambo jingine. Presha isiyotibiwa haipigi hodi, na wengi huitambua siku ile wanapopatwa na kiharusi.

Sasa nikujibu swali lako, ambalo kwa maoni yangu limeulizwa kwa namna itakayowapotezea muda. Unauliza ni dawa ipi mbaya. Katika kopo lile la biskuti hakuna dawa mbaya, kwa kuwa kila moja, kwa mgonjwa wake na kwa kipimo chake, inafanya kazi iliyotengenezewa. Tatizo ni kwamba zimekutana tumboni mwa mtu mmoja zikitoka kwa watu watatu ambao hakuna aliyejua alichotoa mwenzake.

Anza na Norvasc. Hilo ni jina la biashara, na dawa iliyomo ndani ni amlodipini, ileile anayopewa kliniki. Kwa hivyo mama amekuwa akimeza miligramu 15 za amlodipini kwa siku, ilhali kipimo cha juu kabisa cha mtu mzima ni miligramu 10. Kila pakiti ya dawa ina majina mawili: lile kubwa la rangi, ambalo kiwanda kimelichagua ili likumbukwe, na lile la herufi ndogo chini yake, ambalo ni jina la dawa yenyewe na ambalo halibadiliki sana ukitoka Mombasa ukaenda Muscat au London. Jina dogo ndilo la kusoma. Watu wengi wanaobeba Panadol mkononi na kupewa pakiti ya parasetamoli hospitalini wanadhani wana dawa mbili za maumivu, na hununua na ya mafua juu yake, ambayo mara nyingi nayo ina parasetamoli ndani, wakajikuta wamevuka gramu 4 kwa siku ambazo mtu mzima hatakiwi kuzipita kwa usalama wa ini lake.

Amlodipini haitoki mwilini haraka. Nusu yake huchukua kati ya saa 30 na 50 kuondoka, na ndiyo maana humezwa mara moja tu kwa siku, na ndiyo maana pia kosa la kuizidisha hujijenga polepole pasipo mtu kuunganisha chanzo na matokeo. Mojawapo ya athari zake zinazojulikana sana ni kuvimba miguu, na athari hiyo huongezeka kadiri kipimo kinavyopanda. Sina uwezo wa kusema kutoka hapa nilipo kwamba uvimbe wa mama umetokana na hilo peke yake, kwa sababu moyo na figo vilevile huvimbisha miguu na ni lazima viangaliwe. Hata hivyo, mpangilio wa matukio uliyoyaeleza, yaani Norvasc kwanza kisha uvimbe, ungemfanya mfamasia yeyote makini aulize kabla ya kuuza kitu.

Hakuulizwa mtu, na badala yake mama akapewa furosemidi. Hapa ndipo ninapoomba wasomaji watulie kidogo, kwa kuwa mkasa huu ninaukuta mara nyingi: dawa inaleta athari, athari inadhaniwa ni ugonjwa mpya, ugonjwa mpya unatafutiwa dawa yake, na dawa hiyo nayo inaleta athari zake. Uvimbe unaoletwa na amlodipini hautokani na mwili kujaa maji kupita kiasi, bali mishipa midogo imetanuka na umajimaji unavujia kwenye nyama za miguuni, na ndiyo sababu dawa ya kukojoa husaidia kidogo sana au haisaidii kabisa. Ilichofanya ni kumtoa mama maji aliyoyahitaji, katika mji ambao joto lake lenyewe tayari linamkausha mtu, na ndipo miguu ikabaki imevimba huku kizunguzungu kikianza. Furosemidi ni dawa ya cheti. Kuiuza kwa kutazama miguu ya mteja juu ya kaunta ni kosa, na sioni haja ya kulifunika kwa maneno laini.

Diklofenaki ndiyo iliyokamilisha shari. Figo huchuja damu kwa msukumo, na msukumo huo hutegemea mshipa wa kuingilia na mshipa wa kutokea. Ifikirie kama tangi la maji juu ya dari, jambo ambalo mkazi wa Mombasa halihitaji kuelezwa mara mbili. Diklofenaki, pamoja na ndugu zake kama ibuprofeni, hubana bomba la kuingiza. Losartani hulegeza bomba la kutoa, jambo ambalo kwa kawaida huilinda figo ya mwenye sukari. Furosemidi hupunguza maji yaliyomo kwenye mtandao mzima. Moja peke yake, mara nyingi figo huivumilia. Zikija zote tatu kwa pamoja kwa mtu wa miaka 67 mwenye sukari, presha ndani ya figo inaweza kushuka na uchujaji ukapungua sana au hata kusimama. Mara nyingi hali hiyo hurudi sawa ikigunduliwa mapema, na ndiyo maana sikutaka ungoje. Tena diklofenaki hupandisha presha na huweza kuchubua tumbo hadi kutoa damu, kwa hivyo mtu mwenye presha anayeimeza kila siku anabomoa kwa mkono wa kushoto anachojenga kwa mkono wa kulia.

Metformini nayo hutolewa mwilini na figo. Figo zikizembea, metformini hubaki na kurundikana, na inaweza kusababisha damu kujaa asidi, hali ambayo ni nadra lakini ni ya hatari. Hiyo ndiyo sababu daktari huenda akaisimamisha mpaka kipimo cha kreatinini kirudi pazuri, si kwa sababu metformini “inaharibu figo” kama inavyovumishwa katika foleni za kliniki. Uvumi huo umewafanya watu wengi waache dawa nzuri, sukari ikapanda, na sukari iliyopanda ndiyo iliyowaharibu figo.

Kwa magoti, mwulize daktari kuhusu parasetamoli kwa vipimo vya saa maalumu, au diklofenaki ya kupaka, ambayo kiasi kidogo tu chake huingia kwenye damu, ingawa hiyo pia isianzwe kabla figo hazijapimwa. Kiti cha kuswalia nacho ni tiba, na dini haikumkataza.

Sasa kopo. Mchukulie mama lote kama lilivyo uende nalo hospitalini, na vipande vilivyokatwa, na chupa ya Kisauni, na kadi ya kliniki, kisha uvimwage vyote mezani mbele ya daktari au mfamasia wa hospitali na kumwomba apitie kimoja kimoja. Usijaribu kukumbuka kwa mdomo, kwa sababu maneno kama “kile cheupe kidogo” yanafaa vidonge mia. Mkirudi nyumbani na dawa zilizobaki, kila moja ikae katika pakiti yake. Kemisti wanaouza vidonge vitano vitano hukata karatasi pale mkasi unapofika, na tarehe ya kwisha muda kwa kawaida imepigwa muhuri upande mmoja tu wa karatasi, hivyo anayenunua kipande cha upande wa pili hununua kitu kisicho na umri. Mna haki ya kudai kuiona karatasi nzima kabla haijakatwa, na jina, kipimo na tarehe viandikwe juu ya bahasha. Kopo lenyewe si baya kama linafunga vizuri, lakini lisikae juu ya friji wala karibu na jiko, kwani dawa nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30 na nyumba zetu mwezi wa Februari huvuka hapo bila shida.

Alama za kwenye bahasha zisiwababaishe. Anapoandikiwa 1×2, maana yake ni kidonge kimoja mara mbili, na kati ya mara hizo mbili kuwe na takriban saa 12, na 1×3 ni kila baada ya saa 8. Wengi humeza cha asubuhi, cha mchana na cha magharibi, kisha usiku mzima dawa haipo mwilini. Akisahau dozi, ameze anapokumbuka, ila kama wakati wa dozi inayofuata umekaribia aiache iliyopita, asimeze mbili kufidia. Na kama siku moja atapewa kidonge cha presha ambacho kimeandikwa kuwa kinatoa dawa polepole, mfano nifedipini ya aina hiyo, asikivunje wala kukisaga ili ashuke nacho kwa urahisi, kwa sababu dawa ya siku nzima itaingia kwa mara moja na presha inaweza kuporomoka.

Nikija kwa kaka yako, sitamkejeli, kwa sababu ameona mama anadhoofika baada ya kumeza dawa na amefikia hitimisho ambalo macho yake yamempa. Mwonyeshe kwamba nusu ya dawa zile hazikutoka kwa daktari yeyote, na huenda akawa mshirika wako mkubwa wa kuzuia nyongeza. Kuhusu chupa, ninachokikataa si mizizi, bali ni kutojulikana. Habasoda, shubiri na mlonge vina nguvu, na vingine hushusha sukari au presha kweli, jambo ambalo likijumlishwa na dawa za kliniki linaweza kumwangusha mtu. Isitoshe, katika nchi nyingi dawa zinazouzwa kama za miti shamba zimewahi kupatikana zikiwa zimechanganywa kwa siri na dawa za viwandani za maumivu au steroidi, ambazo mgonjwa wa sukari akizitumia sukari yake hupanda bila sababu anayoijua. Chupa isiyo na maandishi haiwezi kumjibu daktari atakapouliza ndani mna nini. Kwa figo zilizo katika hali hii, isiguswe.

Dada yako wa Muscat apigiwe simu, na ni bora apigiwe na mama mwenyewe, amshukuru kwanza. Dawa yake haikuwa mbovu wala ya bandia, na ile ya kliniki pia haikuwa dhaifu, kwa maana ilikuwa dawa ileile. Kama anataka kutuma kitu chenye faida, atume mashine ya kupimia presha ya kufunga kwenye mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono, na wewe uandike vipimo vya asubuhi na jioni katika daftari ambalo mama atakwenda nalo kliniki.

Kemisti mtakayemtumia kuanzia sasa awe mmoja, na awe amesajiliwa. Maduka ya dawa na wafamasia nchini husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, na cheti hutundikwa mahali ambapo mteja anaweza kukiona. Kikiwa hakionekani, ulizeni. Mfamasia anayekasirika kwa kuulizwa, au asiyewahi kuuliza “unatumia dawa gani nyingine?”, mwacheni hata kama ana bei nafuu. Madhara kama haya yaliyompata mama nayo huripotiwa kwa Bodi, na mhudumu wa hospitali anaweza kuwasaidia kuyapeleka.

Na kufunga. Metformini peke yake mara chache hushusha sukari kupita kiasi, na wengi wanaoitumia hufunga kwa salama kwa kuhamishia dozi futari na daku. Wanaotumia insulini, au vidonge kama glibenklamidi, wana hatari kubwa zaidi ya sukari kushuka mchana, na hao wasibadilishe chochote bila daktari wao. Anayefunga akiwa na sukari apime mchana, kwani masheikh wengi wanasema tone la damu la kidole halivunji saumu, na kipimo kikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita (mmol/L) au kikipita 16.6, au akitetemeka, kutoka jasho jingi na kuchanganyikiwa, afungue saa hiyohiyo hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi. Lakini kwa mama yenu suala la sukari linakuja la pili. Kukaa bila maji tangu alfajiri hadi magharibi kwa figo zilizotoka kuumia ni jambo ambalo halina jibu mpaka majibu ya maabara yapatikane na yarudiwe tena baada ya matibabu.

Kama daktari ataona asifunge mwaka huu, mwombe amwambie mwenyewe mbele yako, kwa sababu mama zetu hulikubali likitoka kwa mwenye koti jeupe neno ambalo wangelikataa likitoka kwa mtoto wao wa kumzaa. Kisha mpelekee habari imamu wa msikiti wenu, amweleze ruhusa ya mgonjwa na kama kwake ni siku za kulipa baadaye au ni fidia. Mazungumzo yote mawili yafanyike ndani ya Shaabani, kabla mwezi haujaandama.